Usimlete Minnie Jukwaani

Nimeongoza tamthilia za tendo moja mara tatu, nikiwa na kikundi cha waigizaji wa kujitolea, na mara zote tatu mwenye ukumbi aliniuliza swali lile lile: baada ya hiyo nusu saa, watu wataonyeshwa nini? Anayeuliza hivyo hana nia mbaya. Amezoea kuuona mchezo mfupi shuleni na katika mashindano, mahali ambapo ufupi unatokana na uhaba wa muda, na amekwisha kuamini kwamba ufupi ni pengo la kuzibwa kwa ngoma, kwa hotuba ya mgeni rasmi au kwa mchezo wa pili. Mimi naamini kwamba tamthilia bora za tendo moja zimekamilika kama zilivyo, na kwamba tukiziongezea kitu tunaziharibu pale pale penye nguvu zake. Nitatoa hoja yangu kwa mbili nilizokaa nazo muda mrefu zaidi, Riders to the Sea ya J. M. Synge na Trifles ya Susan Glaspell.

Dharau dhidi ya mchezo mfupi haikuanza kwetu. Katika kumbi za London za karne ya 19 mchezo wa aina hii uliwekwa mwanzoni mwa usiku, kabla ya mchezo mkuu, na watazamaji wa viti vya bei kubwa waliingia ukiwa katikati, wakitafuta nafasi zao huku waigizaji wakisema. Waliouinua ni vikundi vidogo visivyo na fedha, ambavyo havikuwa na mchezo mkuu wa kuutanguliza na hivyo vililazimika kuuchukua mchezo mfupi kwa uzito wake wote.

Synge alianza kwenda visiwa vya Aran, magharibi mwa Ireland, mwaka 1898, akarudi huko mara kadhaa, akiishi katika nyumba za wavuvi na kuisikiliza lugha yao. Riders to the Sea ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 25 Februari 1904 katika Molesworth Hall, Dublin, miezi kumi kabla ya Abbey Theatre kufungua milango yake. Mandhari ni jiko la nyumba ya kisiwani, na hatutoki humo hata mara moja. Cathleen anakanda mkate, anauweka karibu na moto, kisha anaanza kusokota nyuzi. Mdogo wake, Nora, anaingia na kifurushi alichopewa na padri kijana: shati na soksi moja, zilizovuliwa kutoka kwa maiti ya mtu aliyezama akaokotwa mbali, huko Donegal. Kaka yao Michael hajaonekana kwa siku tisa. Mama yao, Maurya, amekwisha kumpoteza baba mkwe, mume na wana wanne kabla ya Michael, na mwana wa mwisho, Bartley, anajiandaa kuvuka na farasi kwenda gulioni Galway, ingawa upepo umebadilika.

Mabinti wanakificha kifurushi mpaka mama atoke, na wanapokishika hatimaye hawawezi kukifungua. Kamba imekazwa na maji ya chumvi na ina fundo ambalo, kwa maneno ya Cathleen, mtu asingelilegeza hata kwa wiki nzima. Inabidi walikate kwa kisu. Shati haliwapi jibu, kwa kuwa kitambaa chake ni cha aina inayouzwa madukani kwa wengi. Ndipo Nora anaishika soksi na kuhesabu vitanzi vya ufumaji. Anakumbuka kwamba aliifuma mwenyewe, akaanza na vitanzi sitini, vinne vikamponyoka. Anahesabu, na anakuta ndivyo ilivyo. Hapo hapo, bila mtu yeyote kuingia na habari, Michael amekufa.

Katika mazoezi yetu mtu mmoja alipendekeza kwamba soksi ibadilishwe iwe kofia ya mkono, ili hadhira ya pwani ielewe. Nilikataa, na aliyenisaidia kukataa ni mwigizaji wa Nora mwenyewe, binti aliyekua akisuka ukili pamoja na bibi yake. Alituambia kwamba msukaji huujua ukili wake hata ukiwa umeshonwa ndani ya mkeka wa mtu mwingine, kwa sababu mkono wa kila mtu una mahali unapokosea, na kosa hilo halimwachi. Tangu siku hiyo hakuhitaji maelekezo. Alikaa juu ya kigoda, akainamisha kichwa, akapitisha kidole gumba juu ya ufumaji pole pole, akisogeza midomo bila sauti, na alipofika kwenye vile vinne kidole kikasimama. Sisi tuliokuwa tukimtazama tuliacha kupumua. Sijui ngoma gani ingeweza kuongezwa pale.

Wapo wanaoilaumu tamthilia hii kwamba saa yake haiendi sawa: Bartley anatoka akiwa hai, anasombwa na mawimbi, na maiti yake inaletwa nyumbani ikiwa imelazwa juu ya ubao, yote hayo ndani ya muda wa jukwaani usiozidi nusu saa. Hesabu yao ni sahihi, lakini inakosea mahali pa kuhesabia. Maurya amerudi kutoka kisimani akisema kwamba amemwona Bartley juu ya farasi mwekundu, na nyuma yake Michael akiwa juu ya farasi wa kijivu, naye Michael tunajua kwamba amekufa. Baada ya hapo anaanza kuwataja wanaume wote wa nyumba hiyo na namna kila mmoja alivyochukuliwa na bahari, na anapofika kwenye siku ambayo maiti ya mwanawe Patch ilibebwa ndani ya tanga, maji yakidondoka mpaka mlangoni, wanawake wa kijiji wanaanza kuingia mmoja mmoja na kupiga magoti. Kifo cha zamani na kifo cha leo vinapita katika mlango mmoja. Aliyemsikiliza Maurya mpaka hapo hana haja ya saa, kwa sababu katika nyumba ile Bartley alianza kufa zamani.

Na kuna misumari. Mbao nyeupe zilinunuliwa kwa ajili ya jeneza la Michael, zimesimama ukutani tangu pazia lilipofunguliwa, na sasa zitatumika kwa Bartley. Mzee mmoja anauliza kama misumari ipo. Haipo. Mwingine anashangaa jinsi mama huyu alivyoisahau, ilhali ameshuhudia majeneza mengi kiasi kile. Mwongozaji anayetaka machozi huwa anaipunguza sentensi hiyo au anaipitisha haraka, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa kuliko yote anayoweza kulifanya katika tamthilia hii, kwa kuwa pale ndipo tunapoona kwamba Maurya alikuwa bado anatumaini.

Glaspell alifika kwenye jukwaa kwa njia nyingine. Mwaka 1900, akiwa mwandishi wa habari Des Moines, Iowa, aliripoti kesi ya Margaret Hossack, mke wa mkulima aliyeshtakiwa kwa kumuua mumewe kwa shoka kitandani. Mwanamke huyo alitiwa hatiani mwaka 1901, hukumu ikatenguliwa, na kesi ya pili ikaisha mwaka 1903 bila wazee wa baraza kukubaliana. Miaka kadhaa baadaye, Provincetown, Massachusetts, mume wa Glaspell, George Cram Cook, alitangaza kwamba mke wake angetoa tamthilia kwa ajili ya kikundi chao, wakati hakuwa nayo. Glaspell alikwenda kukaa peke yake ndani ya ukumbi wao, banda la zamani la samaki lililojengwa juu ya gati, akalitazama jukwaa tupu mpaka akaliona linageuka kuwa jiko. Trifles ilionyeshwa humo Agosti 1916, Glaspell na Cook wakiigiza kama Bi. Hale na mumewe.

Mkulima, John Wright, amenyongwa kwa kamba usiku. Mkewe, Minnie, yuko jela. Wanaume watatu, yaani sherifu, mwendesha mashtaka na jirani, wanapanda ghorofani na kwenda bandani kutafuta ushahidi, na wanawaacha jikoni wanawake wawili, Bi. Hale na Bi. Peters, ambaye ni mke wa sherifu, wakusanye vitu vya kumpelekea mfungwa. Wanaume wanacheka kwamba mwanamke anayekabiliwa na kesi ya mauaji anahangaikia matunda yake ya chupa yaliyopasuka kwa baridi. Wanawake wanaona mengine: mfarishi ambao vipande vyake vyote vimeshonwa vizuri isipokuwa kimoja, kilichokwenda ovyo kana kwamba mshonaji hakuwa na akili yake, tundu la ndege ambalo mlango wake umeng'olewa bawaba, na ndani ya kisanduku cha ushonaji, chiriku aliyefungwa katika hariri, shingo yake imesokotwa. Bi. Hale anaushika mshono ule mbaya, anaufumua na kuushona upya. Yeye mwenyewe anasema kwamba ushonaji mbaya humkera, lakini hadhira imekwisha kuelewa kwamba ushahidi unaharibiwa mbele ya macho yake.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Niliwahi kuona onyesho la tamthilia hii ambalo mwongozaji wake alimleta Minnie jukwaani. Alimvisha gauni jeupe, akamweka kwenye kona ya taa ya buluu, akamfanya aimbe, kisha mume akaingia akamnyonga ndege. Ilichukua dakika kumi za ziada, na watu walipiga makofi. Mimi nilitoka na uchungu, kwa sababu tamthilia nzima imejengwa juu ya kutokuwapo kwake. Tukimwona, tunakuwa mashahidi, na shahidi hana kazi ya kutafsiri chochote. Tusipomwona, tunalazimika kumjua kwa njia wanayomjua Bi. Hale na Bi. Peters, kwa kugusa alivyovigusa, na kwa hiyo sisi pia tunaamua kama tutasema au tutanyamaza. Tusisahau kwamba mwaka 1916 wanawake wa Marekani walikuwa wangali wakiipigania haki ya kura iliyoandikwa katika katiba ya nchi nzima miaka 4 baadaye. Jiko lile ndilo lililokuwa mahakama pekee ambamo wawili hawa wangeweza kutoa hukumu, na mshtakiwa hakuhitaji kufikishwa humo.

Mwisho wa tamthilia ndio uliotuchukua wiki nyingi katika tafsiri. Mapema wanawake wamejadiliana kama Minnie alikusudia kuutia mfarishi mishono au kuufunga mafundo, na wanaume wakawacheka. Sasa mwendesha mashtaka, Bwana Henderson, anarudi, anauliza kwa mzaha alikusudia njia ipi, na Bi. Hale, akiwa ameficha ndege katika mfuko wa koti, anamjibu kwa maneno machache kwamba ni ya mafundo. Kwa Kiingereza jibu hilo linabeba kamba ya kunyongea. Tulijaribu maelezo marefu na yote yakafa mdomoni mwa mwigizaji, mpaka mmoja wetu aliposema kwamba neno tunalo, kwa kuwa kwetu fundo ni la kamba na ni la moyoni vilevile, lile ambalo mtu huwekewa miaka mingi bila kuambiwa.

Kwa hiyo Bi. Hale wetu alisimama karibu na mlango, kiganja chake kikiwa juu ya mfuko, na hakuharakisha.

"Alikusudia kupiga fundo, Bwana Henderson."

Taa zikazimwa hapo, dakika ya 31. Mwenye ukumbi alikuwa amesimama nyuma kabisa, na hakuniuliza kinachofuata.