Chuo kidogo cha theolojia na kishawishi cha kuwa chuo kikuu

Vyuo vya theolojia vya Afrika Mashariki vina desturi ya kukua hadi vikabadili jina. Darasa la watumishi wa kanisa lililoanzishwa mwaka 1903 huko Frere Town, Mombasa, katika makazi ya watumwa waliokombolewa, lilihamia Limuru mwaka 1930, na tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Chuo cha Askofu Tucker cha Mukono, cha mwaka 1913, ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda mwaka 1997. Makumira ya Walutheri, karibu na Arusha, imepita njia hiyo hiyo.

Wanaotetea mwelekeo huo wana hoja nzito. Cheti kinachotambuliwa na dayosisi moja tu humfunga mwenye nacho, hasa mwanamke aliyesoma theolojia katika kanisa lisilobariki wanawake kuwa wachungaji. Serikali nazo zimeanza kudai: sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 iliwataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya masomo ya dini, ikawapa miaka 5 kuipata.

Hata hivyo, kuna malezi ambayo ukubwa huyaharibu. Katika chuo kidogo mwanafunzi huhubiri mbele ya wenzake, kisha huketi akisikiliza wakimchambua: aya aliyoilazimisha iseme isichosema, mfano uliomeza somo, dakika alizopitiliza. Mwalimu anayeongoza zoezi hilo amekuwa naye kwenye ibada ya asubuhi, na pengine anajua kwamba mke wa mwanafunzi huyo anaumwa. Kwa hiyo askofu anapotaka taarifa kabla ya ubarikio, hupata zaidi ya alama za mtihani. Katika chuo kikuu, theolojia hushindana na sheria na biashara kwa wanafunzi na kwa fedha, na si vigumu kukisia nani hushinda.

Lakini ukaribu huo nao una gharama yake, ambayo wasifiaji wa vyuo vidogo hupenda kuiruka. Mwalimu mmoja akifundisha Agano la Kale, Kigiriki na historia ya kanisa, hakuna wa kumpinga. Na mwanafunzi mwenye mashaka juu ya imani, jambo la kawaida kabisa kwa msomaji makini wa Biblia, hunyamaza, kwa sababu neno lake linaweza kumfikia askofu kabla ya mwisho wa wiki.

Kwa maoni yangu, ni afadhali chuo kibaki kidogo huku shahada zake zikitolewa chini ya chuo kikuu, kama Msalato, chuo cha theolojia cha Waanglikana, ilivyofungamana na Chuo Kikuu cha St John's cha Dodoma. Njia hiyo haiondoi tatizo la mishahara: usharika wa kijijini, ambao sehemu ya sadaka yake ni mahindi na kuku wanaonadiwa baada ya ibada, haumudu kumlipa mwenye shahada, na shule ya sekondari ya jirani inamsubiri.