Diski ya pamoja: kikomo kikali au onyo tu?

Mwishoni mwa Agosti 2023 viwanda vyote 14 vya Toyota vya kuunganisha magari nchini Japani vilisimama. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba seva za kuagizia vipuri zilifanyiwa matengenezo ya kawaida tarehe 27, na data ilipokuwa ikifutwa na kupangwa, nafasi ya diski ikaisha. Seva za akiba zilikuwa kwenye mfumo huohuo, nazo zikakwama. Kazi ilirejea baada ya data kuhamishiwa kwenye seva yenye nafasi kubwa zaidi.

Anayetaka kila hifadhi ya pamoja iwekewe kikomo kikali, yaani kiwango ambacho kikifikiwa seva hukataa kuandika zaidi, anaweza kukitumia kisa hiki kama ushahidi. Mimi nakiona kinamgeukia. Programu inayoandika data haijali kama diski imejaa kweli au msimamizi kaweka kikomo; ikikataliwa kuandika, hukwama. Kuiwekea hifadhidata kikomo kikali ni kuisogezea ajali karibu. Hapo kinachofaa ni onyo, tena la mapema.

Kwa watu hesabu ni nyingine. Chukua idara ya watu 30 wanaotumia diski moja. Mmoja anaanza kunakili video za semina nzima saa kumi na moja jioni, kisha anaondoka. Onyo la nafasi kujaa asilimia 85, kiwango cha kwanza katika violezo kadhaa vya vikomo vya Windows Server, linamfikia akiwa njiani kurudi nyumbani. Asubuhi mhasibu anashindwa kuhifadhi jedwali la mishahara. Onyo halikumsaidia mhasibu huyo, kikomo kingemsaidia.

Lakini kikomo cha nani? Vikomo vya NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga faili kwenye diski, humhesabia yule aliyeandikwa kuwa mmiliki wa faili. Karani anayeskani nyaraka za ofisi nzima atamaliza nafasi yake kwa kazi za wengine, na hilo si haki. Ukiweka kikomo kwenye folda badala ya mtu, dhuluma hiyo inaondoka, ila folda ikijaa kila mmoja anamsubiri mwenzake afute. Hata hivyo nachagua folda, maana folda ya idara ina mkuu wa idara, na mkuu anaweza kuulizwa.

Linux ina njia ya kati ninayoipenda: kikomo laini ambacho mtu anaruhusiwa kukivuka kwa muda, kwa kawaida siku 7, na juu yake kikomo kikali kisichovukwa. Mtu anapata wiki ya kusafisha bila kazi yake kukatwa katikati. Vikomo vinavyobana mno, kwa upande mwingine, huwafukuza watu: faili zinahamia kwenye flashi na simu, ambako hakuna nakala rudufu, na seva inaonekana ina nafasi tele wakati kumbukumbu za ofisi zimetawanyika.

Kinachoniudhi zaidi ni mahali maonyo yanakopelekwa. Ofisi nyingi huyaelekeza kwa fundi wa kompyuta peke yake. Fundi haruhusiwi kufuta mikataba ya watu, wala hajui ipi imekwisha muda. Onyo lifike kwa mkuu wa idara pia, likiwa na orodha ya faili kubwa kuliko zote na tarehe ambayo kila moja ilibadilishwa mara ya mwisho.