Ofisi ilihamia kwangu, na bili zake zikafuata

Jumatatu asubuhi tumeamka tukakuta kwenye grupu ya WhatsApp ya kazini karatasi yenye rangi rangi, mbinu za kufanya kazi kwa ufanisi ukiwa nyumbani. Vaa kama unaenda ofisini. Tenga chumba maalum cha kazi. Weka mmea mezani. Mmea! Mimi nakaa Kireka, pembeni mwa Kampala hapa Uganda, chumba na sebule, na hiyo sebule ndio jikoni na ndio ofisi, sasa huo mmea nauweka wapi, juu ya mtungi wa gesi? Afu chini kabisa, kwa herufi nyekundu: kuanzia wiki hii mikutano yote kamera ziwe wazi ili kuongeza uwajibikaji.

Haya, tuongee uwajibikaji basi, maana hili jambo liko rohoni kitambo.

Lockdown ilipotukuta Machi 2020 tulipewa laptop tukaambiwa nendeni, na hakuna aliyeuliza nani analipa nini, magari yamesimamishwa, kafyu ipo, ukiwa bado na mshahara unamshukuru Mungu unanyamaza. Lakini ile ilikuwa dharura na dharura iliisha. Hata shule, zilizofungwa karibu miaka miwili, zilifunguliwa Januari 2022. Sisi bado tuko nyumbani kwa sababu ofisi imeonja utamu: ghorofa moja wamemrudishia mwenye jengo, bili ya stima imeshuka, mama wa chai wamemwachisha, jenereta hainywi dizeli kama zamani. Sasa vile vitu vyote vilivyokuwa vinalipiwa bado vinatumika, ila vinatumika kwangu.

Chukua Yaka, hii stima yetu ya kulipia kabla. Sisi wapangaji tunajua uniti 15 za kwanza za mwezi ni shilingi 250 kila moja, ukizimaliza bei inaruka karibu mara tatu. Laptop ya wati 50 ukiiwasha masaa kumi ni nusu uniti, siku 22 za kazi ni uniti 11. Yaani 11 kati ya zile 15 za bei ya mnyonge zimeenda na kazi ya watu, afu taa yangu, pasi yangu na friji yangu ndio zinalipiwa bei kubwa. Na inakata saa ngapi? Katikati ya mkutano, kama kawaida. Umesimama na tochi ya simu mbele ya kile kidude cha ukutani, unabonyeza namba 20 za tokeni, umekosea moja unaanza upya, na huku nyuma bosi anaita jina lako, "uko nasi? uko nasi?" Niko nanyi, ndio, nawanunulia stima.

Bando ndio usiseme. Mkutano wa video wa saa moja mkiwa wengi unaweza kumeza giga nzima na zaidi, na ndani ya kila bando kuna ule ushuru wa asilimia 12 ulioletwa Julai 2021 walipoondoa OTT, ile kodi ya kila siku ya kutumia mitandao ya kijamii, bado VAT ya asilimia 18. Kwahiyo nikifungua kamera ili bosi aangalie pazia langu, nalipa mimi, nalipa na kodi ya kuangaliwa. Sauti peke yake inakula kidogo sana, hata kijana wa kibanda cha mobail mani atakuambia. Mnataka ufanisi kweli? Zimeni kamera, mambo ya dakika tano yatumwe kwa voisi, na kila mwezi mtu atumiwe hela ya bando na Yaka kwenye simu yake kama vile mlivyokuwa mnajaza jenereta. Sio zawadi hiyo, ni gharama ya kazi.

Najua watasema nauli tumeokoa. Ni kweli, na sipendi kukubali lakini nakubali, jam ya Jinja Road siikumbuki kwa mema, pale Banda taxi inasimama mpaka kondakta anashuka kununua muhogo anarudi anaikuta palepale. Lakini ile nauli si ilikuwa inatoka kwenye mshahara wangu? Hawakuwahi kunipa hata mia. Sasa akiba yangu mwenyewe inageukaje kuwa malipo yao kwangu?

Mengine ni madogo. Jirani anagonga, "jirani, si uko tu nyumbani, niangalizie huyu mtoto nikimbie sokoni mara moja," na mara moja yake ni mpaka saa nane. Naangalia tu, nitafanyaje, na yeye siku nikiugua ndiye atakayeniletea uji. Meseji za kazi za saa nne usiku nazo zipo, ingawa sheria ya ajira ya 2006 iliweka masaa 48 kwa wiki na hakuna mahali iliposema isipokuwa waliovaa ndala.

Na Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, zile siku tukakatiwa kwenye likizo. Likizo banange! Tumekaa gizani hatujui nchi inaelekea wapi, mtu kaandika kwenye faili kwamba tulikuwa tunapumzika. Hiyo karatasi ya rangi rangi ingeanzia hapo ningeisoma mpaka mwisho.

Nina rafiki yuko Gulu, anawatafsiria watu wa Nairobi. Tarehe moja kila mwezi hela ya bando inaingia kwenye simu yake kabla hata hajaomba, sura yake hawajawahi kuidai, wanadai kazi tu, na kazi anaipeleka kabla ya muda. Jana usiku nimemuuliza kama wanachukua watu, kasema nitume CV na nisiweke picha.