Gesi nayo inataka kupumua

Mwaka 2011 tulipanga nyumba kuukuu hapa Leeds, mimi na Mtanzania mwenzangu. Sebuleni kulikuwa na hita ya gesi iliyojengewa ukutani, na nyuma yake boila ya kuchemshia maji. Chini, karibu na sakafu, palikuwa na tundu lenye wavu, ukubwa wa daftari la shule. Nimezaliwa Njombe, baridi naijua, lakini upepo uliopita pale Januari ulikuwa unakata mifupa. Nikachukua fulana mbili kuukuu nikaliziba.

Baada ya hapo kichwa kikaanza kuniuma kila jioni. Nikifika kazini asubuhi kinatulia. Mwenzangu akawa anasikia kichefuchefu. Tukasema ni uchovu wa zamu za usiku, tukanywa panado.

Kilichotuokoa ni sheria. Mwenye nyumba wa Uingereza analazimika kukaguliwa vifaa vya gesi kila baada ya miezi 12, na fundi aliyesajiliwa, na mpangaji apewe nakala ya cheti. Siku hiyo fundi alifunga milango na madirisha yote, akawasha hita, akawasha na feni ya jikoni inayotoa mvuke nje, akasubiri. Kisha akawasha kijiti kinachofuka moshi mweupe, akakishika kwenye ukingo wa juu wa hita. Moshi ule ulipaswa kuvutwa ndani, upande juu kwenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi nje. Ukasita, ukajikunja, ukarudi usoni mwetu.

Akazichomoa fulana zangu, akangoja dakika chache, akawasha kijiti cha pili. Moshi ukaingia ndani taratibu kama uzi unaovutwa. Akatueleza kwamba feni na hita zilikuwa zinagombea hewa ileile ya chumba, na feni ina nguvu zaidi, kwa hiyo ilikuwa inaurudisha ndani moshi wa dohani.

Ujazo mmoja wa gesi asilia unahitaji kama ujazo 10 wa hewa ili uungue vizuri. Gesi ya propani, iliyomo kwenye mitungi yetu, inahitaji kama 24. Hewa ikipungua, mwali unaacha ubuluu, unakuwa wa njano na mlegevu, masizi yanaanza kujitokeza, na inazaliwa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu. Haina rangi wala harufu. Damu inaikumbatia kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoikumbatia oksijeni, ndiyo maana mtu hulala akidhani ana usingizi tu.

Wenzangu wengi huku husema Wazungu wanajua mambo haya kuliko sisi. Sikubaliani nao. Bibi yangu alipikia kuni kwenye jiko la nje lililoachwa wazi kati ya ukuta na paa, na hakuna aliyemfundisha. Moshi ulimuumiza macho miaka yote, hilo silifichi, lakini hewa ilikuwepo. Sisi ndio tuliojenga nyumba za dari ya jipsamu na madirisha ya alumini yasiyopitisha hata unyoya, tukaliingiza jiko la mkaa chumbani Julai. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyokutwa imelala na haikuamka, na msibani tunasema ni mipango ya Mungu. Mimi neno hilo linaniuma, kwa sababu tundu la ukubwa wa daftari lingeweza kubadilisha habari nzima.

Sasa gesi inaingia majumbani kwa kasi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Ila watu wakisikia "safi" wanaelewa kwamba haidai hewa. Muuzaji anakupa mtungi, mpira na hita ya maji. Bomba la moshi halimo, na hakuna anayekuuliza utaifunga wapi. Mwenye nyumba wako hadaiwi cheti na mtu yeyote. Hapo ndipo Uingereza inapotuzidi: wajibu una mwenyewe, na una tarehe. Huo ndio ningependa tuuige, kuanzia kwenye nyumba za kupanga na za wageni.

Mwaka jana mdogo wangu alinitumia video ya bafu lake jipya Njombe mjini. Hita ya gesi iko juu ya bomba la kuogea, haina dohani, na kidirisha kimepigwa nailoni kuzuia baridi. Nilimpigia palepale. Alibisha, akasema fundi ameshafunga nyingi hivyohivyo na hakuna aliyekufa. Tulizungumza karibu saa nzima, nikamsimulia kile kijiti cha moshi.

Jumamosi iliyofuata wakaihamishia ukutani nje, chini ya upenu, yakabaki mabomba ya maji tu yanayoingia bafuni. Mama akasema maji yanachelewa kidogo kupata moto. Na ile nailoni mdogo wangu ameichana mwenyewe.