Timu ya Cranes kwenye kadi ya memori

Mjadala wa hakimiliki ukigusa gemu za zamani, faili alizohifadhi mchezaji hutiwa kapu moja na diski za kudurufu: yote wizi, basi. Anayesema hivyo huenda hajawahi kukaa kwenye kibanda cha PlayStation 2, Katwe au Arua nchini Uganda, akamwangalia mtu anayeunda timu.

Chukua PES 6, gemu ya soka ya kampuni ya Konami ya mwaka 2006. Klabu nyingi hazikuwa na leseni, hivyo Chelsea ikaitwa London FC na Liverpool ikawa Merseyside Red. Timu ya taifa ya Uganda, Cranes, haikuwemo kwa jina lolote. Lakini Konami wenyewe waliweka sehemu ya kuhariri, na humo ndimo Cranes walimozaliwa. Unachagua timu isiyokuhusu, unafuta jina lake, unachora nembo ya korongo nukta baada ya nukta kwa padi. Kisha wachezaji, mmoja mmoja: urefu, mguu anaotumia, kasi, pumzi, nguvu ya shuti, mpaka mtindo wa nywele. Kipa Denis Onyango apewe alama ngapi golini? Swali hilo linaweza kumaliza jioni nzima kibanda kikibishana, na kuna atakayeapa kwamba zaidi ya 80 ni upendeleo. Ukimkamilisha, wamebaki 22.

Kazi yote hiyo hukaa kwenye kadi ya memori ya MB 8. Umeme ukikatika wakati gemu inahifadhi, kadi inaweza kuharibika na timu ikaenda nayo. Ndiyo maana watu hutumia programu ya uLaunchELF kuhamishia faili kwenye flashi, na wakishahamisha humpa na jirani. Jirani huyo asipokuwa na gemu, hajapata kitu, maana faili haina gemu ndani yake. Hata faili ya diski ya Ulaya haisomwi hivihivi na diski ya Marekani. Mwenye hakimiliki ya gemu ameibiwa nini hapo?

Upande wa pili nao una hoja, tena imewahi kushinda mahakamani. Konami haohao walifungua kesi huko Japani juu ya kadi za memori zilizouzwa na data iliyobadilishwa ya gemu yao ya Tokimeki Memorial, ambayo ilimrukisha mchezaji hadi mwisho wa hadithi. Tarehe 13 Februari 2001 Mahakama ya Juu ikawapa haki: hadithi ilipotoshwa kinyume na alivyoikusudia mtunzi. Marekani, mwaka 1998, kampuni ya Micro Star ilishindwa kesi kwa kuuza diski ya ramani 300, yaani hatua za kuchezea, za gemu ya Duke Nukem 3D zilizotengenezwa na wachezaji.

Ila tazama kesi zote mbili: kuna aliyekuwa akiuza. Ramani zile za Duke Nukem zilikuwa zikigawiwa bure kwa ruhusa, na shida ilianza alipotokea wa kuzikusanya na kuzipangia bei. Kwa hiyo mwenye kibanda anayetoza shilingi kujazia watu kadi kwa timu aliyoichora mwingine, huyo ana la kujibu, na mlalamikaji wa kwanza wala si Konami.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watetezi hujifanya hatulioni. Kadi inayobeba Cranes huweza pia kubeba programu ya Free McBoot, ambayo hufungua uLaunchELF lakini pia hutumika kuchezesha gemu za kudurufu. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inalinda programu za kompyuta, na gemu ni programu. Hapo sina utetezi. Lakini jezi, majina na namba za kasi alizojaza kijana wa Katwe si programu ya Konami, na kosa la kitu kimoja kisibebeshwe kingine kwa kuwa vimelala kwenye kadi moja.

Tunaogawana nasi tuna uzembe wetu. Faili huzunguka bila jina la aliyeitengeneza, na mwishowe kila mtu anadai ni yake. Weka faili ndogo ya maandishi kando yake kwenye flashi: nani aliunda timu, mwaka gani, kwa diski ipi. Mtu wa Mbale akitaka kumpunguzia winga kasi, atajua pa kuulizia.