Mstari Umekata Mstari, Hisa Zimeuzwa Ngapi?

Kwenye baraza la kahawa Mji wa Kale, siku hizi vijana hawaonyeshani matokeo ya mpira tu. Wanaonyeshana grafu za hisa za Nairobi: mstari wa bei umekata mstari wa wastani wake, basi bei imegeuka. Wazee wanacheka na vikombe vyao mkononi. Kupwa na kujaa kwa maji kuna jedwali lake, wanasema, saa na dakika. Bei ya hisa jedwali lake li wapi?

Siwaungi wazee mkono moja kwa moja. Viashiria hivi havikuokotwa njiani. RSI, kipimo alichokieleza Mmarekani J. Welles Wilder mwaka 1978, hulinganisha nguvu ya kupanda na ya kushuka, kwa kawaida katika siku 14. Kikipita 70, hisa imekimbiliwa mno, ishara ya kuuza. Kikiwa chini ya 30, imekimbiwa, ishara ya kununua.

Tazama Safaricom. Agosti 2021 hisa yake ilipita shilingi 40. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa kama 13. Aliyenunua kila RSI iliposhuka chini ya 30 alikuta chini ina chini yake. Lakini aliyejiwekea sharti moja tu, kutogusa hisa iliyo chini ya wastani wa bei wa siku 200, aliepuka sehemu kubwa ya mteremko ule. Grafu ni ile ile, mmoja kaumia, mwenzake kasalimika.

Kinachonisumbua zaidi ni soko lenyewe. Nairobi, hisa zinazouzwa kwa wingi kila siku ni chache: Safaricom, benki za Equity na KCB, na wenzao wachache. Nyingine hushinda kutwa bila mnunuzi. Mtu mmoja mwenye shida ya karo akiuza hisa mia chache kwa bei ya kutupa, mstari unaporomoka, nawe huku Mombasa unaona ishara. Ishara ya nini? Ya karo! Ndiyo maana mimi huanza kuuliza hisa ngapi zimeuzwa, RSI baadaye.

Halafu kuna Bamburi, saruji yetu wenyewe. Julai 2024 ilikuwa kwenye shilingi 45 hivi, kampuni ya Amsons ya Tanzania ikajitokeza na dau la kuinunua kwa 65 kila hisa. Bei ikaruka. Hakuna wastani wa bei ulioweza kunusa habari hiyo mapema. Na kwa mruko kama ule, anayefuata RSI peke yake huambiwa auze upesi, ilhali dau liko mezani. Agosti washindani wao, Savannah Clinker, wakalifikisha 70, ingawa baadaye walijitoa.

Ijumaa kijana mmoja pale barazani alinionyesha ishara ya kununua hisa za kampuni ya chai. Nikamwuliza jana ziliuzwa ngapi. Akapekua simu yake. Sufuri. Na juzi? Akaagiza kahawa nyingine.