Kulungu wa Kaskazini, Karibu na Maji

Katika jimbo la Wisconsin, nchini Marekani, kuna ardhi ya umma ambayo kila mwenye leseni ana haki ya kuwinda ndani yake, na hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu mali ya watu wote haina mwenyeji wa kukukaribisha. Msitu wa taifa wa Chequamegon-Nicolet peke yake una zaidi ya ekari milioni 1.5, nami natakiwa kuchagua humo mti mmoja wa kuegemea nikimsubiri kulungu. Tunaishi Milwaukee, mwendo wa saa nne na zaidi kwa gari, na katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kutia mguu huko.

Wanaoujua msitu wapo, ila midomo yao ina kufuli. Jirani yangu ni mzee asiye na tabia ya kunyima. Amenipa kisu cha kuchunia, amenielekeza namna ya kuvaa nguo za baridi tabaka juu ya tabaka, na amenisimulia upasuaji wake wa mgongo kuanzia mwanzo hadi mwisho bila mimi kuuliza. Lakini siku nilipomwuliza kulungu wake wa mwaka jana alimpatia wapi, alikohoa, akatazama paa la nyumba yake kwa muda, akasema, “Kaskazini.” Nilipombana kidogo, akaongeza kwa sauti ya chini, “Karibu na maji.” Ieleweke kwamba jimbo hili limepakana na Ziwa Superior na Ziwa Michigan, na ndani yake lina maziwa madogo yapatayo 15,000.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, aliposikia kwamba msimu wa bunduki ni wa siku tisa na hufunguliwa Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Kutoa Shukrani mwezi Novemba, aliunda kamati papo hapo, utadhani tunaozesha. Tunaye mwenyekiti, ambaye ni yeye. Tunaye katibu, na tunaye mweka hazina ambaye mpaka sasa amepokea ahadi tupu. Kundi la WhatsApp limejaa ndugu wa Uvira na Bujumbura, ambao hawatafika msituni lakini wana msimamo mkali kuhusu mwelekeo wa upepo.

Mwenyekiti huyo, hata hivyo, hana cheti. Sheria ya hapa inamtaka kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye awe amesoma kozi ya usalama wa uwindaji ndipo auziwe leseni ya kawaida. Sasa shemeji aliandikishwa katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, ambako karani, kwa kukosa tarehe kamili, aliwagawia watu wengi Januari mosi kama zawadi ya kuzaliwa, naye akaangukiwa na 1 Januari 1973 barabara. Mama mkwe anaapa kwamba mwanawe alizaliwa mapema zaidi, wakati wa kuvuna mpunga, lakini mpunga haukubaliki kama kielelezo. Nilimsihi asome kozi, akanijibu kwamba mwenyekiti hasomeshwi na wajumbe.

Njia iliyobaki ni leseni ya kuwinda chini ya mlezi, ambayo haidai kozi, ila inamtaka mlezi mwenye cheti asimwache mwanafunzi wake mbali zaidi ya urefu wa mkono. Mlezi huyo ni mimi. Kwa maneno mengine, serikali imeniamuru kukaa kwenye baridi kali, kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza, ubavuni mwa mtu ambaye hajawahi kunyamaza tangu nilipomtolea mahari dada yake.

Binti yangu ndiye msomi wa safari hii. Amefaulu kozi, na tangu hapo nyumba haina amani. Ananikumbusha kwamba kila vazi la nje lililo juu ya kiuno lazima angalau nusu yake iwe ya rangi ya chungwa inayong'aa, au ya waridi, kwa kuwa tangu mwaka 2016 waridi imeruhusiwa. Basi amenunua koti la waridi na kofia ya waridi, akamnunulia na mjomba wake, ambaye amelikubali kwa sharti kwamba picha zisifike Bujumbura.

Kisha kuna hesabu ya pembe. Dume halali ni lile ambalo walau pembe yake moja imefikia inchi 3, na sijui ni nani wa kumwomba mnyama atulie tukiwa na futi ya fundi cherehani. Jike lina kibali chake, na kibali hicho hutaja kaunti na pia hutaja kama ni ardhi ya umma au ya mtu binafsi. Katika programu ya ramani, vipande vya umma na vya watu vimechanganyika rangi huku na huku, hivyo jike likisimama upande wetu ni kitoweo, likivuka kijito ni wageni wetu wawili: yeye na kesi. Hata dume tulilolijeruhi kihalali likikimbilia shamba la mtu, hatulifuati mpaka mwenye shamba aturuhusu. Na tukishampata mnyama, shurti tumsajili kwa simu au intaneti kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata.

Mgogoro mkubwa kuliko yote, lakini, ni wa kichwa. Mama mkwe ameagiza supu ya kichwa. Wisconsin nayo inakitaka kichwa hichohicho, kwa sababu tangu mwaka 2002 inapambana na ugonjwa unaokula ubongo wa kulungu, na tezi zinazopimwa ziko kooni. Unakiacha kwenye kibanda maalumu, unapimiwa bure, na unashauriwa usile nyama mpaka majibu yatoke. Ubongo na uti wa mgongo unashauriwa usile kabisa. Nilimweleza mama mkwe haya yote kwa heshima, kwa simu, nikiwa nimesimama. Akanyamaza, kisha akauliza ni serikali gani hiyo inayokula vichwa vya wakwe zake.

Bado hatujui tutawindia wapi. Mwenyekiti amefunga mjadala kwa azimio kwamba tutawinda kaskazini, karibu na maji, na kamati imehamia kwenye mgawo wa nyama: paja moja kwa mchungaji, moja kwa wanakwaya, moja kwa jirani mwenye siri zake, na jana jioni mama mkwe amemwahidi shoga yake jingine. Mweka hazina amenitaka niandike kwa maandishi kulungu ana miguu mingapi ya nyuma.